Priampu ya Marantz Model 7: Mwongozo Kamili wa Kuielewa, Kuikagua na Kuirudisha Kazini

Sindano ya kinanda cha santuri hutoa umeme mdogo sana. Katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya kawaida ya sumaku inayosogea hutoa kiasi cha milivolti 3 hadi 5, ilhali amplifaya inayosukuma spika huhitaji takriban volti 1 ili ifanye kazi yake kikamilifu. Priampu ndicho chombo kinachoziba pengo hilo: hukuza mawimbi hayo dhaifu, hurekebisha uwiano wa besi na sauti nyembamba, humwezesha msikilizaji kuchagua chanzo cha sauti na kiwango chake, kisha hupeleka mbele kilicho tayari. Miongoni mwa priampu za daraja la juu zilizotengenezwa katika enzi ya vali (vioo vya kukuzia umeme vilivyotangulia transista), Model 7 ya kampuni ya Marantz ya New York imebaki kuwa kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho. Saul Marantz alianza kwa kujitengenezea priampu ya matumizi ya nyumbani mwake huko Kew Gardens, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa ya mono. Santuri za stereo zilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na mhandisi wake Sidney Smith walileta Model 7, chombo cha stereo kilichobuniwa upya tangu chini. Mwaka 1964 kampuni iliuzwa kwa Superscope, na baadaye Model 7T ikaja na transista mahali pa vali.

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyepata Model 7 au anayekusudia kuinunua, na pia kwa fundi aliyeletewa chombo hiki mezani. Msimamo wangu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: saketi hii haihitaji kuboreshwa. Kinachohitajika ni kubadilisha zile sehemu ambazo umri umeziharibu na kuacha mpango wake ulivyo, na hilo haliwezekani kwa mtu asiyejua kila sehemu iliwekwa pale kwa sababu gani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya kusoma, na chuma cha kulehemu kitangoja.

Hatua ya kwanza: Ielewe njia ya sauti

Ndani ya Model 7 mna vali sita, zote za aina moja, 12AX7, ambazo kwa jina la Ulaya huitwa ECC83. Kila vali hubeba triodi mbili katika kioo kimoja; triodi ni kikuzaji chenye kathodi inayotoa elektroni, gridi inayozidhibiti na anodi inayozipokea. Jumla ni triodi 12, yaani sita kwa kila upande wa stereo: tatu hufanya hatua ya santuri na tatu hufanya hatua ya kutolea sauti. Kutumia vali ya aina moja kote kulirahisisha matengenezo, nalo ni jambo linalomfaa mmiliki hata leo, kwa kuwa 12AX7 bado inatengenezwa viwandani na hupatikana kwa urahisi kuliko vali nyingi za wakati wake.

Mpango wa triodi tatu ndio moyo wa chombo hiki, na unastahili kutazamwa kwa makini. Triodi ya kwanza na ya pili hukuza volti. Ya tatu haikuzi: gridi yake hupokea mawimbi, na kathodi yake huyatoa yakiwa karibu na kimo kilekile, ila sasa yana uwezo wa kuendesha mzigo mzito zaidi. Mafundi huiita kathodi folowa. Kutoka hapo sehemu ya mawimbi hurudishwa nyuma hadi kathodi ya triodi ya kwanza, kupitia mtandao wa rezista na kapasita. Huo ndio mrejesho hasi, unaopunguza ukuzaji lakini hupunguza pia upotovu wa sauti.

Katika hatua ya santuri, mtandao huo wa mrejesho ndio unaobeba usawazishaji wa RIAA. Santuri haichongwi kwa besi kamili, kwa sababu mawimbi mapana ya besi yangekula nafasi ya mifuo na kuirusha sindano. Na sauti nyembamba huongezwa wakati wa kuchonga ili zipande juu ya mchakacho wa plastiki. Wakati wa kucheza lazima kazi hiyo igeuzwe. Kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954 chini ya jina la RIAA, chama cha kampuni za kurekodi, huweka vipindi vitatu, mikrosekunde 3180, 318 na 75, ambavyo ni sawa na pembe za hezi 50, 500 na 2122. Maana yake ni kwamba, ukilinganisha na kilohezi 1, priampu inapaswa kuinua hezi 20 kwa desibeli 19.3 na kushusha kilohezi 20 kwa desibeli 19.6. Tofauti ya karibu desibeli 39 ndani ya saketi moja ni kubwa sana, na hapo ndipo priampu za kawaida hukosea.

Sasa kathodi folowa inapata maana yake. Kadiri sauti inavyozidi kuwa nyembamba, mtandao wa RIAA hugeuka kuwa mzigo mzito kwa triodi inayouendesha. Ukinzani wa ndani wa triodi ya 12AX7 ni takriban kiloomu 62, kwa hiyo ikiachwa iendeshe mtandao huo peke yake itaelemewa, upotovu utapanda, na mkunjo wa usawazishaji utapinda. Kwa kuiweka kathodi folowa ndani ya mzunguko wa mrejesho, triodi ya pili haiuhisi mzigo huo. Gharama ni triodi moja zaidi kwa kila upande. Wengi wa watengenezaji waliona gharama hiyo haina haja. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu kuu ya Model 7 kusifiwa hadi leo na saketi yake ya santuri kunakiliwa na watengenezaji wengi, wakubwa na wadogo.

Upande wa umeme, transfoma hulisha njia mbili: ya volti za juu kwa anodi, na ya volti ndogo kwa vipasha joto vya vali. Njia hii ya pili imegeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC). Kama vipasha joto vingelishwa kwa mkondo geu (AC), mvumo wa umeme wa nyumbani ungepenya hadi kwenye kathodi ya triodi ya kwanza, mahali ambapo mawimbi halisi ni ya milivolti chache tu. Kazi ya kugeuza umeme ilifanywa na rektifaya za seleni, ambazo tutazirudia.

Hatua ya pili: Kisome kidirisha cha mbele

Kidirisha cha rangi ya dhahabu cha Model 7 kina vifundo vingi, na mtumiaji wa leo aliyezoea kitufe kimoja cha sauti anaweza kudhani ni mapambo. Kila kimoja kinajibu tatizo la kweli.

Swichi ya kuchagua chanzo inajieleza yenyewe. Ile ya namna ya usikilizaji huruhusu stereo ya kawaida, stereo iliyogeuzwa kushoto na kulia, au kuchanganya pande mbili kuwa mono, na kuchanganya huko kuna faida kubwa kwa santuri za zamani. Santuri ya mono huchongwa kwa mwendo wa kwenda kando tu. Katriji ya stereo hunasa pia mwendo wa juu na chini, ambao katika santuri hiyo ni kelele tupu ya vumbi na michubuko. Pande mbili zikichanganywa, mwendo wa juu na chini hujifuta wenyewe na muziki hubaki.

Swichi ya usawazishaji wa santuri ina nafasi ya RIAA, ya santuri za zamani za Columbia, na ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Hii ya mwisho ina thamani ya pekee kwetu. Mwenye kuhifadhi santuri kama zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya lebo ya HMV asizicheze katika nafasi ya RIAA, kwa sababu zilichongwa kabla ya utaratibu wa kuinua sauti nyembamba, na RIAA ingeishusha kilohezi 10 kwa desibeli 13.7 bila sababu, hadi sauti ya mwimbaji na ya udi zisikike kana kwamba zimefunikwa na blanketi. Usisahau pia kwamba santuri za 78 zina mifuo mipana na zinahitaji sindano yenye ncha ya takriban mikromita 75, ilhali ncha ya sindano ya santuri ndefu (LP) ni takriban mikromita 18. Ncha nyembamba ikiwekwa kwenye mfuo mpana itazama hadi chini na kusoma uchafu.

Kuna vichujio viwili. Cha chini hukata mtetemo wa mota ya kinanda na kupanda na kushuka kwa santuri iliyopinda, na cha juu hupunguza mchakacho. Virekebishi vya besi na sauti nyembamba vimetengwa kwa kila upande, jambo lililofaa wakati ambapo mtu aliyekuwa na spika moja ya mono alinunua ya pili isiyofanana nayo. Ni swichi za hatua, kila hatua ikiwa na rezista zake maalumu. Kwa hiyo pande mbili zikiwekwa kwenye alama ileile hulingana kweli, na ukirudi kwenye alama uliyoizoea unapata sauti ileile ya jana. Potensiomita ya kawaida haiwezi kuahidi hivyo.

Swichi ya kufuatilia tepu ilikuwa ya kulinganisha kilichokwisha kurekodiwa na chanzo chenyewe. Leo ndiyo njia bora ya kuingiza kicheza CD au kigeuzi cha sauti ya kidijitali, iwapo soketi nyingine zimejaa.

Hatua ya tatu: Kagua kwa macho kabla ya kununua

Anza na chombo kikiwa hakijaunganishwa na umeme. Tazama maandishi ya kidirisha, kwani rangi iliyofutika haiwezi kurudishwa kwa uaminifu, nayo hushusha bei sana. Zungusha kila kifundo na usikilize: swichi za hatua zinapaswa kugota kwa uwazi katika kila nafasi. Angalia soketi za nyuma kama zina kutu. Vyombo vilivyokaa miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi na unyevu, huwa na soketi na miguu ya vali iliyooksidika hata kama kasha la mbao linang'aa.

Kisha omba ruhusa ya kufungua kifuniko cha chini. Muuzaji anayekataa amekupa jibu. Ndani, tafuta kapasita nyeusi zenye mistari ya rangi, aina ya Sprague ambazo wapenzi wa vyombo hivi huziita nyuki kwa sababu ya mistari hiyo. Zikiwa bado zipo, chombo kina asili yake, lakini pia kina kazi inayokusubiri. Zikiwa zimebadilishwa, tazama ubora wa ulehemu. Alama mbaya kuliko zote ni rezista zilizoungua, waya uliorefushwa kwa kufungwa na utepe, na mtandao wa RIAA uliobadilishwa upande mmoja tu. Transfoma iliyobadilishwa si dosari ya kuikataa, ila bei ishuke.

Hatua ya nne: Usalama, na tatizo la volti

Anodi za vali hizi hulishwa kwa volti zaidi ya 200, na kapasita za kichujio hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi, subiri, kisha unganisha rezista ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 5 kati ya kila kapasita ya kichujio na chasisi kwa sekunde kadhaa, ukitumia klipu zenye mpira. Hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka chini ya 5. Usitumie bisibisi kufupisha njia (kupiga shoti): cheche huharibu kapasita, na mkono unaweza kuteleza. Unapolazimika kupima umeme ukiwaka, tumia mkono mmoja, na mwingine uuweke mbali na chasisi.

Model 7 zilizouzwa Marekani zilitengenezwa kwa volti 117 na hezi 60. Kenya na Tanzania tuna volti 240 na 230 kwa hezi 50, na kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Nunua transfoma ya kushusha volti yenye koili mbili zilizotengana kabisa, ya volti-ampea 100 au zaidi, na uchague inayotoa 110 hadi 115 badala ya 120. Kwa hezi 50 kiini cha transfoma ya zamani hushiba sumaku mapema na kupata joto zaidi, na volti pungufu kidogo huipunguzia mzigo huo. Epuka vigeuzi vyepesi vya kielektroniki vinavyouzwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele. Umeme wake una kelele zinazoingia moja kwa moja kwenye hatua ya santuri. Soketi za umeme zilizo nyuma ya priampu, zilizokusudiwa kulisha kinanda na amplifaya, ziache bila kutumika, kwa sababu transfoma yako ndogo haitazibeba na kifaa cha volti 230 hakitafanya kazi pale.

Hatua ya tano: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kama chombo kimekaa miaka bila kutumika, usikiwashe ili kuona tu kama kinafanya kazi. Kapasita za elektroliti zilizokauka zinaweza kupasuka, na rektifaya ya seleni inayokufa hutoa moshi wenye harufu kali na sumu. Unganisha balbu ya nyuzi ya wati 40, ya volti za nyumbani, kwa mfululizo kabla ya transfoma ya kushusha volti. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna njia fupi mahali fulani, na balbu imeokoa transfoma ya priampu, sehemu ambayo ni ngumu kuliko zote kuipata. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea.

Mwenye transfoma ya kurekebisha volti aanze chini, kwenye volti 40 hivi, na kupanda polepole kwa saa kadhaa, akigusa makopo ya kapasita kila baada ya muda, umeme ukiwa umezimwa, ili kujua kama yanapata joto. Usichomoe vali yoyote umeme ukiwaka. Vipasha joto hutegemeana katika mgawanyo wa mkondo, na kuondoa kimoja kunaweza kupandisha volti za vilivyobaki au za kapasita zake. Ukisikia harufu ya ajabu, zima kwanza na uchunguze baadaye.

Hatua ya sita: Pima, kisha badilisha kinachostahili

Hapa ndipo uamuzi wa fundi unapopimwa. Kubadilisha kila kitu ni rahisi, na kuacha kila kitu ni rahisi vilevile. Ninashauri utaratibu ufuatao.

Anza na kapasita za kuunganisha hatua moja na nyingine. Kazi yake ni kupitisha mawimbi na kuzuia volti za anodi zisifike kwenye gridi inayofuata. Zikizeeka huvuja, na uvujaji mdogo tu unatosha kuharibu sauti. Chukua mfano wa anodi yenye volti 150, kapasita inayovuja kwa ukinzani wa megaomu 100, na rezista ya gridi ya megaomu 1: gridi itapata takriban volti 1.5 za ziada. Triodi ya 12AX7 hufanya kazi kwa tofauti ya volti 1 hadi 2 tu kati ya gridi na kathodi, kwa hiyo uvujaji huo, ambao mita ya kawaida ya ukinzani haiwezi hata kuuona, huondoa triodi kabisa mahali pake pa kazi. Ili kuupima, ng'oa mguu wa kapasita wa upande wa gridi, washa chombo, kisha pima volti kati ya mguu huo na chasisi kwa mita ya kidijitali yenye ukinzani wa megaomu 10. Mwanzoni utaona namba ikiruka, subiri itulie. Kapasita nzima itashuka karibu na sifuri. Ikibaki juu ya nusu volti, ibadilishe. Kwa uzoefu wa mafundi wengi, zile nyeusi zenye mistari karibu zote hushindwa jaribio hili, nami sioni sababu ya kuziacha ndani ya chombo kinachotumika kila siku. Weka filamu ya poliesta au polipropileni yenye thamani ileile na volti 400 au zaidi, na usiongeze thamani kwa tamaa ya besi nzito, maana uthabiti wa mrejesho kwenye masafa ya chini ulipangwa kwa thamani zile. Za zamani ziweke kwenye bahasha ndani ya kasha. Mnunuzi wa kesho atazithamini.

Kapasita za elektroliti za kichujio zibadilishwe zote pamoja. Kopo la asili linaweza kubaki mahali pake kwa sura, likiwa limekatwa kutoka kwenye saketi, na mpya zikafichwa chini ya chasisi.

Rektifaya za seleni zinahitaji uangalifu zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Diodi za silikoni ni ndogo, nafuu na imara, lakini hupoteza volti kidogo sana zikilinganishwa na seleni. Ukibadilisha bila kufidia, volti za anodi na za vipasha joto zitapanda. Ongeza rezista ya mfululizo na urekebishe thamani yake hadi volti zirudi kama mchoro wa saketi unavyoonyesha. Kwenye miguu 4 na 5 ya kila 12AX7, vipasha joto vikiwa vimepangwa kwa mfululizo, volti zinapaswa kuwa karibu na 12.6, vikiwa sambamba, pima kati ya mguu wa 9 na miguu hiyo, na utarajie 6.3. Kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5 kunafupisha maisha ya vali bila faida yoyote.

Rezista zipimwe moja baada ya nyingine. Iliyotoka nje ya asilimia 10 ya thamani yake ibadilishwe, na inayotoa kelele ya kupasukapasuka kwenye anodi ya triodi ya kwanza ibadilishwe hata kama thamani yake ni sahihi. Mtandao wa RIAA uache ulivyo isipokuwa vipimo vya hatua ya tisa vikulazimishe.

Hatua ya saba: Chagua vali na uzipange

Vali sita ni za aina moja, lakini nafasi hazilingani. Triodi ya kwanza ya santuri hukuza mawimbi madogo kuliko yote, kwa hiyo inapewa vali tulivu kuliko zote. Chombo kikiwa kimewashwa kwenye nafasi ya santuri, bila santuri kuchezwa, gonga kila kioo polepole kwa penseli. Vali inayolia kama kengele kwenye spika ihamishiwe hatua ya kutolea, ambako udhaifu huo hausikiki sana. Zima chombo kabla ya kila ubadilishaji na uache vioo vipoe.

Nafasi za kathodi folowa zina sharti jingine. Hapo kathodi hukaa kwenye volti za juu sana kuliko kipasha joto chake, na 12AX7 nyingi zimewekewa kikomo cha volti 180 hadi 200 kati ya sehemu hizo mbili. Baadhi ya vali zinazotengenezwa sasa hazivumilii hali hiyo. Hutoa mvumo au kukwaruza baada ya muda mfupi. Ukikutana na mvumo usioeleweka, badilishana vali za nafasi hizo kwanza kabla ya kuishuku saketi. Kuhusu vali za zamani za kampuni ya Telefunken zenye anodi laini, ambazo wapenzi wa Model 7 huzitafuta kwa bei kubwa, ukweli ni kwamba ni vali tulivu na zenye maisha marefu. Hata hivyo, priampu iliyotengenezwa vizuri na yenye vali mpya zilizochujwa itakupa sehemu kubwa ya sauti hiyo, na ningependa fedha zitumike kwanza kwenye kapasita na kwenye sindano ya kinanda.

Hatua ya nane: Safisha swichi na soketi

Kukwaruza unapozungusha kifundo mara nyingi ni uchafu tu. Tumia dawa ya kusafishia viunganishi isiyoacha mafuta mengi, tone dogo kwenye kila sehemu ya mgusano, kisha zungusha swichi mara nyingi kutoka mwisho hadi mwisho. Usinyunyize ovyo, kwa sababu dawa ikilowesha bamba la swichi hubeba uchafu hadi mahali pengine na hupunguza ukinzani kati ya migusano. Miguu ya vali isafishwe kwa spiriti, na soketi zake zibanwe taratibu kwa sindano pale zilipolegea. Kwenye kidirisha cha mbele tumia kitambaa chenye unyevunyevu wa maji pekee; sabuni kali na spiriti hufuta maandishi.

Hatua ya tisa: Hakiki mkunjo wa santuri

Kazi hii inahitaji jenereta ya mawimbi, ambayo siku hizi inaweza kuwa programu ya kompyuta yenye kadi nzuri ya sauti, pamoja na mita inayosoma volti za mkondo geu kwa usahihi hadi kilohezi 20. Ingiza milivolti 5 za kilohezi 1 kwenye soketi ya santuri, swichi ikiwa kwenye RIAA, virekebishi na vichujio vikiwa katikati au vimezimwa, kisha soma matokeo kwenye soketi ya kurekodi tepu. Kipimo hicho ndicho sifuri yako. Kwa hezi 100 unapaswa kuona ongezeko la desibeli 13.1, kwa hezi 500 ongezeko la 2.6 hivi, kwa kilohezi 2 upungufu wa 2.6, kwa kilohezi 5 upungufu wa 8.2, na kwa kilohezi 10 upungufu wa 13.7. Ukiwa ndani ya nusu desibeli kote, usiguse kitu.

Muhimu zaidi kuliko usahihi wa mkunjo wenyewe ni kulingana kwa pande mbili, kwani sikio huhisi taswira ya stereo ikihama hata pale lisipotambua kwamba besi imepungua kidogo. Upande mmoja ukitofautiana na mwingine, pima sehemu za mtandao wake, na ukibadilisha kapasita upande mmoja badilisha pia ya upande wa pili, ukichagua jozi inayolingana ndani ya asilimia 1.

Hatua ya kumi: Iunganishe na vyombo vya leo

Katriji ya sumaku inayosogea huunganishwa moja kwa moja, kwa mzigo wake wa kawaida wa kiloomu 47. Katriji ya koili inayosogea, ambayo nyingi hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5, huhitaji transfoma ya kupandisha mbele ya soketi hiyo. Waya wa ethi wa kinanda uende kwenye skrubu ya ethi ya priampu, na mfumo mzima uwe na mahali pamoja tu pa kufungwa na ethi ya nyumba. Pakiwa na mahali pawili, mzunguko wa ethi hutoa mvumo ambao hakuna vali itakayouondoa.

Amplifaya za vali za wakati ule zilikuwa na ukinzani wa kuingilia wa kiloomu 100 au zaidi, na nyingi za transista za leo zina kiloomu 10 hadi 47. Tofauti hiyo inagusa besi, kwa sababu kapasita ya kutolea ya priampu na ukinzani wa amplifaya huunda kichujio. Kwa mfano, kapasita ya mikrofaradi 0.47 ikikutana na kiloomu 100 huanza kukata karibu na hezi 3.4, chini kabisa ya usikivu, lakini ikikutana na kiloomu 10 huanza kukata karibu na hezi 34, na ngoma za chini zitapungua. Soma thamani iliyo ndani ya chombo chako, fanya hesabu hiyo, na ukiweza chagua amplifaya yenye kiloomu 47 au zaidi. Nyaya za kuunganisha ziwe fupi, mita 1 hadi 2, na mbali na transfoma za vyombo vingine.

Priampu iwekwe mahali penye hewa, bila amplifaya ya moto chini yake, na katika nyumba za pwani ni vizuri ikiwashwa angalau mara moja kwa wiki ili joto la vali liondoe unyevu ndani ya chasisi. Kila unapotumia, washa priampu kwanza na uipe dakika moja au mbili vali zipate joto, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie, kwa sababu volti zinazopanda na kushuka kwenye soketi za kutolea zinaweza kusukuma koni za spika kwa nguvu ya kuzidhuru.